Mboga Yenye Jina

Sitataja jina la mtu humu. Si kwamba nimesahau. Ninayakumbuka yote, ya watu na ya wanyama, na kuna mmoja ambaye jina lake bado linanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Lakini mwanangu amesema, "Mama, andika unavyotaka, majina acha, watu hao bado tunakutana nao njiani." Basi majina nimeacha. Hasira sijaacha.

Tulikuwa tunakaa Yeoville, ghorofa ya pili, upande wa nyuma ambako jua linafika mchana likiwa limeshachoka. Mimi, mwanangu ambaye ni kinyozi, mkewe ambaye huuza sombe, yaani kisamvu, na dagaa sokoni, na watoto wao watatu. Wa kwanza ni msichana, na ndiye nitakayemsema sana. Amezaliwa huku huku Johannesburg. Kiswahili anakisikia chote, lakini kukijibu hujibu kwa Kizulu na Kiingereza cha shule, Kiswahili anakitoa akiwa na mimi tu, tena akiwa anataka kitu au anaogopa. Mimi ananiita Gogo, kama watoto wote wa jengo wanavyowaita bibi zao.

Mimi ni Mrundi. Kiswahili nilikipata Kigoma, kambini, nilikokaa miaka mingi kuliko nilivyotaka, na kusoma nilijifunzia huko huko chini ya turubai, mvi zikiwa zimeshatoka. Chakula cha mgao kilikuwa mahindi na maharage, kesho mahindi na maharage. Nyama tulijitafutia wenyewe, na nyama ya mwanamke ilikuwa simbilisi.

Wewe usiyemjua simbilisi, ni mnyama mdogo wa kutosha kwenye viganja viwili. Hana mkia. Anakula majani, na akisikia mtu anachambua mboga anapiga mluzi kama polisi wa barabarani. Kupanda hawezi, kuruka hawezi. Anafugwa jikoni kwenye joto la moto, chini ya kitanda, popote. Ng'ombe ni wa wanaume, na mbuzi mtabishana, lakini sijawahi kuona mwanaume akigombania simbilisi, na ndiyo maana tuliwapenda. Mwanamke akijifungua, kitu cha kwanza kinachoingia mdomoni mwake ni supu ya simbilisi, ya moto, yenye chumvi kidogo, ili maziwa yashuke. Mimi kila uzazi wangu nimeinywa. Binti zangu niliwapikia kwa mkono huu.

Sasa mkwe wangu alikuwa amezaa watatu bila supu. Nilifika huku baada ya yule wa tatu, mwaka 2009, nikakuta amekonda, mtoto analelewa kwa maziwa ya kopo. Nikauliza, "Alikunywa nini alipojifungua?" Mwanangu akasema, "Chai, Mama. Hospitali walimpa chai na mkate." Moyoni nikasema, akibeba nyingine sitakubali.

Ndiyo nikamwambia mwanangu anitafutie simbilisi. Alifikiri, akajikuna kichwa, akasema huku wapo, wanauzwa kwenye maduka ya wanyama, yale ambayo watu hununua samaki wa kuangalia. Ilikuwa mwaka uliofuata ule wa Kombe la Dunia, vuvuzela bado zimejaa chini ya kitanda cha watoto. Akaenda. Akarudi na boksi lenye matundu, na ndani yake simbilisi wawili, na nyumba ya plastiki ya rangi ya waridi, na mfuko wa majani makavu wenye picha ya mtoto anayecheka.

"Nyumba ya nini hii?"

"Muuzaji alisema lazima wawe na mahali pa kujificha."

"Wanamkimbia nani?"

Mwanangu akacheka. "Mama, aliniuliza ni wa watoto wangapi. Nikasema ni wa mama yangu. Akasema nina mama anayependeza."

Nikawageuza tumbo, nikatazama. Dume na jike, vizuri. "Walikuwa wapi?"

"Kwenye kioo kimoja, wote."

"Yaani mama yao mmoja."

"Hakuniambia, Mama, na mimi sikuuliza."

"Umeniletea kaka na dada nije niwaoze?"

Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Ilibidi mwanangu arudi na dume lile, akabadilishe. Alisema njia nzima alikuwa anatafuta maneno ya kumweleza yule msichana wa dukani, akayakosa, mwisho akasema wanapigana. Akaletewa dume jingine, la manyoya yaliyosimama kwa vizunguzungu, kama kichwa cha mtoto aliyetoka kulala.

Hapo tukaanza.

Simbilisi hachelewi. Jike anabeba miezi kama miwili, anazaa watoto wenye manyoya na macho wazi, kesho yake wanatafuna majani kama watu wazima. Na siku ile ile ya kuzaa dume yuko mgongoni tena. Binti aliyezaliwa, kabla hujamzoea, naye ni mama. Asiyeshika kisu, mwaka hauishi jiko limejaa. Kwetu kisu kinashikwa. Linabaki dume moja zuri, vijana wa kiume wote ni mboga. Jike akizeeka na kuanza kuzaa mmoja mmoja, naye ni mboga. Jike kijana anakwenda kwa jirani, na binti yake wa kwanza anarudishwa kwako. Na dume lako, kabla halijawafikia binti zake, mnabadilishana na mama wa nyumba ya pili. Hivyo jiko halijai, na halimaliziki.

Jambo jingine: hatuhesabu. Ukiulizwa simbilisi wako, unasema, "Wapo." Ukiulizwa watoto wako, unasema, "Mungu amesaidia." Chenye pumzi hakihesabiwi kwa mdomo, sembuse kwa kidole. Hilo nililijua kabla sijajua kusema vizuri.

Niliwaweka kwenye balkoni ya jikoni. Majani nilikuwa naokota sokoni jioni, maganda ya kabichi, majani ya karoti, na mavi yao naweka kwenye makopo ya rangi niliyopanda lengalenga, mchicha wa kwetu. Mambo yakaenda. Ila Johannesburg ina kitu ambacho kambini hakikuwepo, nacho ni mwezi wa sita. Asubuhi moja nilifungua mlango wa balkoni nikakuta maji yao yamekuwa kioo, na wale wa manyoya laini wamelala kwa ubavu, wagumu. Waliobaki hai walikuwa wale wa vizunguzungu, watoto wa dume lile la mwisho, wamebanana kama mikate. Baridi nayo ina kisu chake, wala haikuuliza nani ana mimba. Nikawahamishia bafuni, kwenye karai lile refu ambalo wazungu huoga wamelala. Sisi tukawa tunaogea beseni. Kuanzia hapo, kila aliyezaliwa nyumbani kwangu alikuwa na nywele zilizosimama. Mgeni akija anasema, "Hawa ni wa kabila gani?" Nasema, "Ni wa hapa hapa. Wamezoea."

Ubaya ulianzia shuleni.

Mwalimu wa mjukuu wangu alikuwa na simbilisi darasani. Mmoja tu, peke yake, ndani ya waya, ana jina na siku yake ya kuzaliwa, na watoto hupokezana kwenda kulala naye nyumbani mwisho wa wiki. Mimi nikasikia hivyo nikadhani mtoto ananitania. Mnyama mmoja peke yake maisha yote, asiyezaa, asiyeliwa. Kumbe mtoto akarudi nyumbani na wazo hilo, akaingia bafuni na kalamu ya rangi, akawapa wangu majina. Wote. Majina ya waimbaji wa televisheni, ya wachezaji mpira, moja la mwalimu mwenyewe, na lile dume kubwa akalipa jina la mhubiri wetu. Kwa kweli midomo walifanana.

Nikamwambia mama yake, "Mwambie mwanao, mboga haipewi jina."

Mama yake akasema, "Mwambie wewe, Mama. Mimi hanisikii."

Jumamosi nilipochukua kijana mmoja wa kiume, mtoto akasimama mlangoni, mikono amefungua kama golikipa.

"Gogo, unampeleka wapi?" Akamtaja.

"Jikoni."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Machozi yalishuka tu, akakataa chakula cha usiku, akakataa uji wa asubuhi, akaenda kanisani na njaa. Mwanangu, mtu mzima mwenye ndevu, ananyoa vichwa vya wanaume wenye bunduki bila kutetemeka, akanijia polepole. "Mama, tupumzike kidogo kuwachinja."

"Wewe pumzika. Hao je, umeshawaambia wapumzike?"

Lakini nyumba ni yake. Nikarudisha kisu kwenye droo, nikisubiri akili ziwarudie. Hazikurudi upesi. Na simbilisi, kama nilivyosema, hachelewi.

Nataka ieleweke ni nini nilichokiona ndani ya bafu lile, maana watu husema kuchinja ndiko ukatili. Madume yalianza kukatana masikio. Wale wakubwa walikaa kwenye kabichi, na mama mwenye mimba akawa wa mwisho kufika, anakuta shina. Watoto waliozaliwa walikanyagwa. Waliopona walikuwa wadogo, wengine mama zao hawakuwa na maziwa ya kuwapa. Mmoja nilimkuta asubuhi amebanwa ukutani, nikampeleka kwa mjukuu wangu kwenye karatasi. Nikamwambia, "Huyu sikumchinja mimi. Wenzake wamemchinja kwa kuwa wengi." Akamtazama, akamtaja jina, akamzika kwenye kopo la lengalenga. Siku ile nilikasirika mpaka miguu ikauma. Kisu changu huja mara moja, kikali, kwa aliyeshiba. Msongamano huua wadogo kwanza, tena taratibu.

Wakati huo mkwe wangu alikuwa amebeba mimba ya nne, tumbo limeshajitokeza. Nikajisemea, sawa, siku ikifika supu itapikwa, hata kama mtoto atalala mlangoni. Nilikuwa nalisubiri jambo hilo moja tu.

Ndipo panya wakaongezeka kwenye jengo. Panya, wenye mikia.

Panya walikuwepo kabla yangu. Katikati ya jengo lile kuna shimo la hewa, linashuka kutoka juu mpaka chini, na kila dirisha la jikoni linatazama humo. Watu wanatupa humo kila kitu, nepi, mifupa, ugali uliochacha. Hakuna asiyejua. Usipotoa taka, panya anazaa. Ukiziacha mwaka, anazaa mwaka. Lakini kamati ya jengo ilipoita mkutano pale chini mlangoni, hakuna aliyelitaja shimo, maana kila mmoja alikuwa na chake ndani yake.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja mzaliwa wa huku, mnene kiasi, mwenye sauti iliyozoea kusubiriwa. Si mtu mjinga. Umeme ukikatika ndiye aliyekuwa anakwenda kupigana ofisini mpaka unarudi. Nalisema hilo ili nisionekane namwonea. Alisimama akaanza na panya, akaenda kwa wageni, akafika kwetu. Kizulu changu ni cha sokoni, kwa hiyo mjukuu wangu alikuwa amesimama mbele yangu kunitafsiria.

Yule mama alitazama upande wetu. Akainua kidole. Akawaonyesha wajukuu zangu, mmoja, akataja namba, wa pili, akataja namba, wa tatu. Kisha kidole kikashuka, kikasimama kwenye tumbo la mkwe wangu, na hapo pia akataja namba. Mbele ya watu wote. Mtoto ambaye hata uso hana, amehesabiwa kwa kidole kama gunia. Mkwe wangu akavuta kitenge, akajifunika. Halafu mama yule akasema maneno marefu, na mwanaume mmoja nyuma akacheka.

"Amesema nini?" nikamuuliza mjukuu wangu.

"Amesema wanyama wamekuwa wengi, Gogo."

"Amesema maneno mengi kuliko hayo."

"Amesema ni wengi sana."

Masikio ya mtoto yalikuwa yamewaka. Sikumlazimisha. Nikamwambia, "Mwambie hivi: panya ana mkia, simbilisi hana. Anayeshindwa kutofautisha mkia na matako asipewe kazi ya kuhesabu."

Mtoto akanitazama. "Gogo, siwezi kusema hivyo."

"Sema."

Akasema kitu, kifupi. Mkongomani mmoja aliyekuwa ameegemea ngazi, ambaye alikuwa amenielewa mimi vizuri, akaangua kicheko, akaniita bibi kwa Kilingala, "Koko, leo umeua." Mwenyekiti hakucheka. Akasema mpaka Jumapili wanyama wawe wametoka, la sivyo ataleta watu wa kuwachukua, na wakija watatazama pia flat ina watu wangapi, maana flat ile ni ya watu wanne.

Mwanangu akavua kofia mbele ya mwenyekiti. "Tutawaondoa, Mama. Kabla ya Jumapili."

Nilipanda ngazi. Kwenye ngazi ya mwisho mjukuu wangu alinishika kanga. "Gogo, alisema sisi na panya wetu wote tunazaana tu, hatujui kuacha. Alisema hivyo. Na yule mjomba akacheka."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

Nikamwacha hapo, nikajifungia jikoni na mwanangu.

"Umekubali kuondoa nani?"

"Simbilisi, Mama."

"Yule mwanamke hakuwa anawasema simbilisi."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimempa simbilisi."

Akakaa chini, akaanza kukunja mashati ya watoto ambayo yalikuwa yameshakunjwa. Yeye alikuwa hapa mwaka 2008, mimi sikuwepo. Aliona watu wanatolewa majumbani kwa kuwa ni wageni, akalala na mke wake kwenye uwanja wa kituo cha polisi na binti yao huyu mkubwa mgongoni. Hajawahi kunisimulia. Hukunja mashati. Na mimi, pamoja na hilo, nilikuwa na hasira naye, maana ukishampa mtu mnyama wako ili asiguse mtoto wako, umeshakubali kwamba anawahesabu pamoja.

Nikasema mnyama wangu hachukuliwi na watu wa gari. Kama ni kuondoka, wataondoka kama binti anavyoondoka nyumbani, kwa mkono, kwa mtu anayejulikana.

Nikamketisha mjukuu wangu ukingoni mwa bafu. "Hatuwachinji," nikasema. "Tunawagawa. Wewe utachagua nani anakwenda na nani, na utajua kila mmoja yuko kwa nani. Lakini akishafika huko, mwenye nyumba ndiye mwenye kisu."

Akamkuna mmoja kichwani. "Nikienda kusalimia?"

"Utasalimia."

"Na kama hayupo?"

"Utaambiwa. Hutadanganywa."

Akakubali, lakini si kwa furaha.

Tukazunguka na maboksi ya ndizi. Tulikwenda kwa mama mapacha, Mkongomani jirani yangu wa mtaa wa pili anayesuka nywele. Kwa Mtanzania mmoja mshonaji. Tukapanda teksi mpaka Joubert Park kwa Mrundi mwenzangu aliyekaa nami kambini, chumba kimoja kimegawanywa kwa mashuka. Kila mmoja jike na dume wasio wa tumbo moja, na kila mmoja akakumbushwa, binti wa kwanza anarudi kwangu siku nikiwa na mahali. Hayo walikuwa wanayajua, hawakuhitaji kuelezwa. Kilichowashangaza ni yule mtoto aliyesimama mbele ya kila mlango anakabidhi wanyama kwa majina.

"Huyu ni nani?" mama mapacha akauliza, akidhani amesikia vibaya.

Mtoto akarudia. Lilikuwa lile dume kubwa.

"Si mhubiri wenu huyo?"

"Amefanana midomo," nikasema.

"Mtoto wangu," mama mapacha akamwambia, anafuta machozi ya kucheka, "kwetu mboga haina jina. Ina chumvi."

Mjukuu wangu hakucheka. "Anapenda majani ya karoti," akasema. "Usimpe kitunguu."

"Sawa, mama mkwe. Kitunguu sitampa. Kitunguu nitakiweka baadaye."

"Mama mapacha," nikasema.

"Nimenyamaza."

Jumapili ilipofika bafu lilikuwa tupu, nimelisugua kwa mchanga na sabuni mpaka likang'aa. Mwenyekiti akaja na mwenzake, akatazama, akanusa, akasema kitu cha kuridhika. Panya mmoja akapita kwenye dirisha la shimo la hewa, mchana ule, mnene, hana haraka. Sote tulimwona. Na panya hao waliendelea kuzaa mpaka tulipohama mwaka 2014, kwa sababu hakuna aliyewagusa wala aliyeligusa shimo.

Mtoto alizaliwa mwisho wa mwezi wa saba, baridi ya kukata midomo. Wa kiume. Walirudi kesho yake kutoka hospitali kwa gari la mteja mmoja wa kinyozi wetu. Mkwe wangu akalala, mtoto analia, anavuta ziwa, hapati, analia tena. Mwanangu akaweka maji ya chai.

"Zima," nikamwambia.

"Mama, anywe kitu."

"Zima hicho."

Nilikuwa nimekaa na hasira yangu, nimekaa na bafu safi lisilo na kitu, na mkwe wangu kwa mara ya nne anakwenda kunywa chai. Ndipo mlango ukagongwa. Mama mapacha, amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitenge, na nyuma yake yule Mtanzania mshonaji na majani yake ya mchaichai, wanapanda wakihema na kusalimia kwa sauti ya jengo zima.

Mjukuu wangu ndiye aliyefungua. Akatazama sufuria. Harufu ilikuwa imeshaingia.

"Ni nani?" akauliza.

Mama mapacha akanitazama mimi. Nilijua. Niliona kwa namna alivyokwepa macho ya mtoto, na nilijua kwake alikwenda nani, na kwamba jike lake lilikuwa na mimba, haliguswi. Nikamtaja. Jina la mhubiri.

Mtoto akasimama pale na mkono kwenye kitasa. Chumbani mdogo wake analia.

"Alikuwa amenenepa?" akauliza.

"Alikuwa amenenepa sana, mwanangu," mama mapacha akasema, na safari hii hakuwa na utani. "Kitunguu sikumpa hata siku moja."

Mtoto akaenda jikoni, akaleta bakuli, akamkabidhi mama mapacha. Likamiminiwa. Akalishika kwa mikono miwili, uso ameugeuzia pembeni ili asitazame ndani, akaingia nalo kwa mama yake, na mimi nikafuata na kijiko. Mkwe wangu akanywa. Akanywa lote, jasho likamtoka kwenye paji la uso, akaomba jingine.

Tulikuwa kwenye bakuli la pili mlango ukagongwa tena. Hii haikuwa hodi ya mgeni. Mwenyekiti. Amesikia mtoto, amesikia wanawake kwenye ngazi, amenusa sufuria. Alisimama kizingitini, macho yakipita juu ya vichwa, mama mapacha, mshonaji, watoto, mwanangu na aproni yake ya kinyozi. Mwanangu akaanza kuvua kofia, na hakuwa amevaa.

Mjukuu wangu alifika mlangoni kabla yake. Mwenyekiti akamuuliza kwa Kizulu, na swali lile hata mimi nililielewa lote: sasa mko wangapi humu ndani?

Mtoto akataja jina la mdogo wake wa kwanza. Akataja la wa pili. Akataja la baba yake, la mama yake, akanitaja mimi, jina langu la kweli ambalo sikujua kama analijua. Akataja lake. Akamalizia na la mtoto, ambalo tulikuwa tumelisema asubuhi ile tu.

"Nimeuliza wangapi," mwenyekiti akasema.

Mjukuu wangu akavuta pumzi, akaanza upya kutoka la kwanza.